Ruff kwenye programu za mawese na dagaa: inachosafisha na kinachobaki mkononi mwako

Chukua programu ndogo ya aina inayohitajika Kigoma: ya madeni ya mawese, ya mizani ya dagaa mwaloni Kibirizi, au ya risiti za mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie na Bujumbura. Mtu mmoja ameiandika kwa Python, akaiacha ikifanya kazi, akahamia mkoa mwingine. Anayeirithi anafungua faili la mistari 900 na kukuta vigeu vinaitwa `t`, `t2` na `tt`. Tathmini hii ya Ruff imeandikwa kwa ajili ya huyo mrithi.

Ruff ni kikaguzi na kipangaji cha msimbo wa Python: inausoma bila kuuendesha, inaonyesha makosa na kunyoosha mpangilio wa mistari. Charlie Marsh alianza kuitoa mwaka 2022, kisha akaanzisha kampuni ya Astral kuitunza. Yenyewe imeandikwa kwa lugha ya Rust. Leseni yake ni MIT, kwa hiyo unaitumia hata kwenye kazi ya mteja bila kulipa. Kipangaji kiliongezwa Oktoba 2023, na tangu hapo amri mbili, `ruff check` na `ruff format`, zimeweza kushika kazi zilizokuwa zikihitaji zana tatu za zamani, Flake8, isort na Black, kwa pamoja. Watengenezaji wanasema ina kasi mara 10 hadi 100 kuliko vikaguzi vya zamani. Kwa programu ya mafaili 30 tofauti hiyo si kubwa, ila kwenye laptopu kuukuu unaiona: jibu linatoka kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Kinachoifaa zaidi Kigoma ni kwamba haihitaji intaneti ikishasakinishwa, na haina utitiri wa vifurushi vingine inavyovitegemea. Ni faili moja lisilofika MB 20. Mwenye bando anapakua, wengine wanachukua kwa flashi:

```
pip download ruff -d kasha --only-binary=:all: --platform win_amd64
pip install --no-index --find-links kasha ruff
```

Mstari wa kwanza ni wa kwenye kompyuta yenye intaneti, wa pili ni wa isiyo nayo. Angalia neno `win_amd64`. Ukipakua kwenye Linux bila kulitaja utapata faili la Linux, na mwenye Windows ataambiwa hakuna toleo linalofaa. Na Windows ikisema haiitambui amri ya `ruff` hata baada ya kusakinisha, andika `python -m ruff check`. Tatizo hapo ni njia ya folda tu, usisakinishe upya.

Hata maelezo ya kanuni yamo ndani yake. Andika `ruff rule B006` na terminali itakueleza kanuni hiyo inakataza nini na kwa nini, ikiwa na mfano mbaya na mfano mzuri. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini mifano ni ya msimbo na inajieleza. Siku mtandao umelala, amri hii peke yake inatosha kuihalalisha Ruff.

Sasa kwenye udhaifu. Ukiisakinisha na kuiacha ilivyo, inakagua kundi dogo tu la kanuni: zile za herufi F na baadhi za E. Hizo zinakamata makosa ya wazi kama moduli iliyoingizwa bila kutumika, jina lisilokuwepo, au sintaksia iliyovunjika. Ona fanksheni hii ya duka la mawese:

```python
def hesabu(d, b, m, x=[]):
    t = d * 20 * b
    if m > 500000:
        t = t - t * 0.02
    x.append(t)
    return x
```

Endesha `ruff check` juu yake. Jibu ni `All checks passed!` Mrithi akiamini jibu hilo, ameumia, kwa sababu ndani ya mistari sita mna kasoro tatu nzito.

Ya kwanza ni `x=[]`. Python hutengeneza orodha hiyo mara moja tu, pale `def` inaposomwa, kisha huitumia ileile kila fanksheni inapoitwa bila `x`. Mteja wa pili anarudishiwa orodha yenye malipo ya mteja wa kwanza. Kanuni ya B006 inaikamata, lakini hadi uwashe kundi la B.

Ya pili ni namba zisizo na jina. 500000 ni nini? Kanuni ya PLR2004 itaikamata, nayo pia lazima uiwashe. Ila hapa pana mtego ambao wengi hawaujui: PLR2004 huangalia namba zilizo ndani ya ulinganisho tu, yaani penye `>`, `<`, `==` na wenzake. Ile 20 kwenye kuzidisha na ile 0.02 kwenye punguzo zinapita salama, hata ukiwasha kanuni zote mia nane na zaidi zilizomo.

Na kwenye hiyo 20 ndiko iliko kasoro ya tatu, kubwa kuliko zote. Dumu la mawese ni la lita 20. Kama `b` ni bei kwa kilo, hesabu imechukulia kwamba lita moja ni kilo moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Mawese yana takribani kilo 0.91 kwa lita, kwa hiyo dumu lililojaa lina karibu kilo 18. Mnunuzi analipishwa karibu kilo 2 hewa kwa kila dumu. Hakuna kikaguzi duniani kitakacholiona hilo, kwa sababu kwa Python 20 ni 20 tu. Jina ndilo linaloliona:

```python
from decimal import Decimal

LITA_KWA_DUMU = 20
KILO_KWA_LITA = Decimal("0.91")
KIZINGITI_CHA_PUNGUZO_TZS = 500_000
PUNGUZO = Decimal("0.02")


def malipo_ya_mawese(idadi_ya_madumu, bei_kwa_kilo_tzs, ununuzi_wa_mwezi_tzs):
    uzito_kilo = idadi_ya_madumu * LITA_KWA_DUMU * KILO_KWA_LITA
    malipo_tzs = uzito_kilo * bei_kwa_kilo_tzs
    if ununuzi_wa_mwezi_tzs > KIZINGITI_CHA_PUNGUZO_TZS:
        malipo_tzs -= malipo_tzs * PUNGUZO
    return malipo_tzs
```

Mara tu unapoandika `LITA_KWA_DUMU`, mkono unasita kuizidisha na bei ya kilo. Msimbo umerefuka, ndiyo, lakini sasa mwenye duka asiyejua Python anaweza kuketi pembeni na kusema "hapana, punguzo letu ni asilimia tatu". Hiyo 0.91 nayo hubadilika kidogo kwa joto na aina ya mafuta. Ipime kwa mizani ya dukani, kisha urekebishe mahali pamoja. Kuhusu `Decimal`, aina ya namba inayotunza desimali bila kukadiria: ukiizidisha na namba ya aina ya `float` Python inagoma kwa `TypeError`. Heri igome, kuliko sehemu za shilingi kupotea kimyakimya kwenye daftari la mwaka mzima. Ruff haina neno juu ya pesa kuhifadhiwa kwa `float`.

Mipangilio inayofaa kuanzia iwekwe kwenye `pyproject.toml`:

```toml
[tool.ruff]
line-length = 88

[tool.ruff.lint]
extend-select = ["I", "B", "N", "DTZ", "C901", "PLR0913", "PLR2004"]

[tool.ruff.lint.per-file-ignores]
"tests/*" = ["PLR2004"]
```

Tumia `extend-select`. Ukiandika `select` peke yake unafuta zile kanuni za awali na kubaki na ulizozitaja tu. Majaribio yanasamehewa PLR2004 kwa sababu humo namba tupu ndiyo kawaida: unataka kuona kwamba jibu ni 3640, si jina lingine linaloficha 3640.

Kundi la I linapanga mistari ya kuingiza moduli. Watu hushangaa kwamba `ruff format` haigusi mpangilio huo. Ni kazi ya `ruff check --fix` na kundi la I likiwa limewashwa. Endesha hiyo kwanza, kisha `ruff format`.

DTZ ni la saa, na kwa Kigoma lina uzito wa pekee. `datetime.now()` bila kutaja kanda ya saa huchukua saa ya mashine. Laptopu ya dukani iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), lakini seva ya kukodi mara nyingi imewekwa UTC. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa. Mzigo ukiandikwa saa nane usiku kwetu, kwa seva bado ni saa 23 ya jana, na hesabu ya siku inaharibika bila kosa lolote kuonekana. DTZ005 inakulazimisha kuandika `datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))`. Kwenye Windows ongeza `pip install tzdata`, la sivyo `ZoneInfo` italalamika kuwa haijui kanda hiyo.

Maadamu tumegusa saa: ukitaka kuonyesha saa ya Kiswahili kwenye risiti, usiandike `saa - 6`. Saa 2 kwenye mfumo wa saa 24 itakupa hasi 4. Sahihi ni `(saa - 6) % 12 or 12`, na iwe ndani ya fanksheni yenye jina, mathalani `saa_ya_kiswahili`, isirudiwe kwenye kila risiti. Hapa tena Ruff iko kimya.

Kundi la N linasimamia umbo la majina: fanksheni kwa herufi ndogo na mstari wa chini, klasi kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno. Halisemi chochote juu ya maana. `total_deni` na `get_mteja_balance` yatapita, ingawa msomaji analazimika kukumbuka nusu ipi ya jina ni ya lugha ipi. Shika njia moja. Maneno ya biashara yabaki Kiswahili, maana mwenye biashara anasema dumu, gunia, chanja na mwalo, na tafsiri yoyote itawapoteza nyote wawili. Kiswahili kina zawadi ambayo wengi hawaitumii: kigeu cha ndiyo-au-hapana kinajiandika chenyewe kwa kiambishi. `imelipwa`, `amesajiliwa`, `ana_deni`. Soma `if oda.imelipwa and not mteja.ana_deni` kwa sauti uone.

Lakini ngeli nazo zina shimo lake. `for gunia in magunia` ni safi, `for mteja in wateja` ni safi. Je, risiti? Umoja ni risiti, wingi ni risiti. Mtu anaandika `for risiti in risiti:`, Python inakubali bila kinyongo, na lupu ikiisha jina `risiti` halishiki tena orodha. Linashika risiti ya mwisho tu. Mistari kumi chini `len(risiti)` inalipuka, au vibaya zaidi, inatoa jibu la uongo. Kanuni ya B020 inakamata kosa hili hasa, na ni sababu tosha ya kuwasha kundi la B kwa yeyote anayeandika majina kwa Kiswahili. Dawa ni `risiti_zote`. Fanya vivyo hivyo kwa samaki, dagaa, bidhaa, oda na nauli.

C901 hupima ugumu wa fanksheni: inaanza na 1, kila `if`, `for`, `while` na `except` inaongeza 1, na ikizidi 10 inapiga kelele. Haihesabu `and` wala `or`, kwa hiyo `if` moja yenye masharti saba inahesabiwa kama tawi moja. Usiruhusu ikudanganye, sharti refu lipe jina lake kwenye kigeu kabla ya `if`. Uovu mwingine ni kukata fanksheni ndefu kuwa `hesabu_sehemu_1` na `hesabu_sehemu_2` ili kelele zinyamaze. Huko ni kuhamisha uchafu chini ya mkeka. Kata kwa kazi: ya kusoma data peke yake, ya kupiga hesabu peke yake, ya kuchapa peke yake. Ile ya hesabu ikibaki bila kugusa faili wala kioo, unaweza kuijaribu kwa mistari mitatu bila hata kuwa na printa.

PLR0913 hukataa fanksheni yenye zaidi ya vigezo 5. Hili ni sawa mara nyingi, ila si amri ya Mungu. Fanksheni ya kutengeneza risiti ina haki ya kuwa na 6 vyenye majina mazuri.

Kuitumia kwenye programu ya zamani kunataka utaratibu. Usichanganye mambo kwenye komiti moja, yaani hatua moja iliyohifadhiwa kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo.

Anza na hifadhi ya Git isiyo na mabadiliko yaliyoning'inia. `ruff format --diff .` inakuonyesha kitakachobadilika bila kugusa faili. Ukiridhika, `ruff format .`, kisha weka komiti ya hiyo peke yake. Chukua namba ndefu ya komiti hiyo, iandike kwenye faili liitwalo `.git-blame-ignore-revs`, kisha:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Bila hatua hii, kwenye `git blame` (amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari na lini) kila mstari uliopangwa upya utaonyesha jina lako na tarehe ya leo, na historia ya nani aliweka lile punguzo na lini itakuwa imefunikwa. GitHub inalitambua faili hilo yenyewe. Kwenye kompyuta kila mmoja lazima aendeshe amri hiyo. Kama mpo wawili au watatu, chagueni siku ambayo hakuna tawi lenye kazi ambayo haijaunganishwa, la sivyo migongano ya mistari itawamaliza. Kwa programu za dagaa kipindi kizuri ni ziwa linapofungwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mizigo ikapungua, na programu ya mizani ilikuwa na nafasi ya kupumua.

Kisha `ruff check --statistics .` ikupe idadi ya makosa kwa kila kanuni. Usiogope ukiona 400. Mara nyingi kanuni mbili tu zimebeba nyingi kati ya hizo. `ruff check --fix` inarekebisha yale inayoyaona salama. Kuna pia `--unsafe-fixes`, na hiyo usiipige kwa mkupuo. Marekebisho yake yanaweza kubadilisha tabia ya programu, kwa hiyo yapitie moja moja.

Hata `--fix` ya kawaida ina jeraha moja linalojulikana. Kwenye Django, mfumo wa kujenga tovuti kwa Python, watu huandika `from . import signals` ndani ya `ready` ili tu moduli isomwe. Hakuna linaloitumia kwa jina, basi F401 inaiona ya bure na kuifuta. Programu inawaka vizuri, kurasa zinafunguka, hakuna ujumbe wa kosa, ila SMS za risiti zilizotegemea ishara hizo zimekoma. Kabla ya kuendesha `--fix` tafuta mistari ya namna hiyo na uweke `# noqa: F401` mwishoni mwake, pamoja na maneno machache ya sababu. Usiandike `# noqa` tupu. Hiyo inazima kanuni zote kwenye mstari, pamoja na ile ya kesho ambayo ungeitaka.

Kwa kulinda usafi usirudi nyuma, watu hushauri kifurushi cha pre-commit, lakini hicho kinapakua vitu kutoka GitHub mara ya kwanza kwa kila kompyuta. Mistari miwili kwenye `.git/hooks/pre-commit`, faili ambalo Git huliendesha kabla ya kila komiti, inatosha:

```
#!/bin/sh
.venv/bin/ruff check . && .venv/bin/ruff format --check .
```

Kwenye Linux kumbuka `chmod +x`, maana bila hiyo Git inaipuuza. Windows njia ni `.venv/Scripts/ruff.exe`. Njia kamili imeandikwa kwa makusudi: ukiandika `ruff` tu na mazingira ya mradi hayajawashwa, komiti inakataliwa kwa sababu ya amri kutopatikana, na mwenzako atajifunza `--no-verify`, ya kuruka ukaguzi, siku hiyohiyo. Faili hili halisafiri na `git clone`, hivyo lihifadhi pia kwenye folda ya kawaida ya mradi na uandike kwenye README mahali pa kulinakili. Na toleo la Ruff lifungwe kwa namba kamili kwenye `requirements.txt`. Toleo jipya linaweza kupanga mistari tofauti kidogo, na wawili wenye matoleo tofauti watakuwa wanabadilishiana mistari ileile kila siku.

Yapo isiyoyafanya kabisa. Haikagui aina za data. Hilo ni la zana nyingine, mypy. Inasoma faili moja moja, kwa hiyo fanksheni ambayo hakuna faili lolote linaloiita itaendelea kukaa. Haijui kwamba `bei` kwenye faili moja ni shilingi na kwenye jingine ni faranga za Burundi au za Kongo, ndiyo maana `_tzs`, `_bif` na `_cdf` mwishoni mwa majina si urembo kwa mji wenye wateja wa pande tatu za ziwa. Wala haioni msimbo uliorudiwa. Kama punguzo la asilimia 2 limeandikwa kwenye risiti, kwenye ripoti ya mwezi na kwenye SMS, na mwenye duka amelibadilisha kuwa 3, ni wewe utakayeandika `grep -rn "0\.02" .` na kupita kila mstari unaotokea, ukitenganisha 0.02 ya punguzo na 0.02 ya unyaufu wa dagaa.